Tembo Mwekundu wa Mugumu

Wananchi wa Mara, na Watanzania wote kwa ujumla: hadithi hii inasimuliwa na msimulizi anayejua yote. Anajua yaliyosemwa na yaliyofichwa. Anaingia vyumbani bila hodi na mioyoni bila kuvua viatu. Hana upande, hana ndugu, hana upendeleo. Hajawahi kukosea hata mara moja tangu aanze kazi hii, na kazi hii ameianza leo asubuhi baada ya kuosha vyombo.

Mjini Mugumu, pale wageni wanaotoka Musoma wanapoingia mjini, kuna ukuta wa zege wenye urefu wa hatua nane. Ulijengwa kwa kazi moja tu, kuwaambia watu kwamba wamefika. Juu una ukingo uliojitokeza kama paji la kofia, chini ya ukingo kuna maneno KARIBU MUGUMU, na chini ya maneno kulikuwa na tembo. Jua lilikuwa limemlamba tembo huyo miaka mingi hadi akabaki masikio na fununu. Mwezi wa sita mwaka huu kamati ya mapokezi ikaamua apakwe upya, na kazi akapewa aliyempaka mara ya kwanza, Fundi Abdurahmani.

Nyumbani kwa fundi, mtaa wa Morotonga, waliishi watu watatu. Yeye mwenyewe, miaka sitini na saba, mwembamba, mwenye kofia iliyowahi kuwa nyeupe. Mkewe Kuruthumu, muuza vitenge. Na mjukuu wao Ummy, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, aliyekuwa likizo. Kuhusu Ummy msimulizi atasema machache tu: alikuwa mpole, mtiifu, mwenye akili nyingi na sura ya kuridhisha. Tuendelee.

Fundi alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa macho. Asubuhi na jioni aliona vizuri kiasi. Lakini jua likishapanda na kupiga kwenye kitu cheupe, mbele yake kilishuka kitu kama chandarua kilicholowekwa kwenye maziwa, na dunia yote ikahamia upande wa pili. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari kule Musoma alimwambia tangu mwezi wa pili kwamba hutolewa, akamtajia na gharama. Malipo ya ukuta yangetosha gharama hiyo pamoja na nauli. Kwa hiyo mpango wa fundi ulikuwa mwepesi: ampake tembo, alipwe, aende Musoma, arudi anaona, na mtu yeyote asijue kwamba kuna siku hakuwa anaona. Mji mdogo ukishajua kwamba fundi wa rangi haoni rangi, hata akipona watu humletea milango ya vyoo.

Mkewe alipomuuliza kwa nini siku hizi anashika kikombe kwa mikono miwili, alijibu kwamba chai ni ya moto. Hata ikipoa, alijibu hivyo hivyo.

Jumatatu asubuhi Melkiori, afisa wa kamati, alisimamisha pikipiki chini ya ngazi. Alikuwa kijana kutoka Kilimanjaro, aliyehamishiwa huku mwaka juzi, mwenye shati lililonyooshwa hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Mgeni wetu anapita Alhamisi."

"Uliniambia mwisho wa mwezi."

"Ratiba imebadilika. Mpaka Jumatano jioni tembo awe tayari."

Fundi alishuka ngazi mbili. "Bwana Melkiori, ukuta huu unatazama magharibi. Asubuhi una kivuli, napaka. Kuanzia saa saba unapigwa na jua, siupaki. Rangi inakauka kabla ya brashi kuondoka, inavuta. Nikianza asubuhi tu, ni siku sita."

"Mzee wangu, jua la Mugumu lipo tangu kabla ya uhuru na watu wanafanya kazi. Paka hata mchana."

Hapo fundi angeweza kusema ukweli. Alifungua kinywa, akasema, "Nitapaka."

Sasa inabidi tuelewe jambo moja la ufundi, maana bila hilo hakuna hadithi. Mafundi wengine wakipaka tembo hutandika nyeupe kwanza, halafu kijivu juu. Abdurahmani hakuwahi kufanya hivyo. Alitandika nyekundu. Kijivu juu ya nyeupe, alisema, mchana ni tembo lakini jioni ni moshi. Kijivu juu ya nyekundu, jua likianza kulala, ule wekundu wa chini unapumua kidogo, na mnyama anakuwa na damu mwilini. Alijua ukuta wake: wageni wengi huingia jioni. Kabla ya rangi alichora umbo lote kwa ncha ya msumari, mstari mwembamba uliozama kwenye zege. Zamani aliuchora ili mvua isifute. Mwaka huu aliuchora ili vidole viupate.

Jumatatu hiyo, saa nane mchana, alikuwa juu ya ngazi na brashi ya nyekundu. Ukuta ulikuwa unawaka. Alifumba macho kabisa, kwa kuwa yakiwa wazi yalimuuma na hayakumsaidia kitu, akawa anapapasa mstari kwa mkono wa kushoto na kupaka kwa mkono wa kulia. Bodaboda walikuwa wamejibanza kwenye kivuli ng'ambo ya barabara, wamelala juu ya pikipiki zao. Hakuna aliyemwangalia. Ummy alimletea chai, akaweka chupa chini ya ngazi, akarudi nyumbani moja kwa moja kama mtoto mwema.

Wakati huohuo mtu fulani alipiga picha.

Ni nani? Msimulizi anajua yote, lakini ana haki ya kutunza siri za kitaaluma. Itoshe kusema kwamba picha ilionyesha tembo mwekundu kama nyanya, na mzee aliyeupa ukuta uso huku macho kafumba, na juu yake pameandikwa: TEMBO WA NYANYA. FUNDI HAONI RANGI. Ilitumwa kwa watu wanne tu, wanafunzi wanaopenda utani. Mmoja wao ni Gift, ambaye ana binamu Tarime, ambaye yuko kwenye makundi kumi na saba.

*

Jumanne asubuhi Wangwe, kijana wa bodaboda, alimsubiri fundi pale ukutani.

"Mzee, tembo wako ana miguu! Jana usiku alifika Tarime. Saa tano alikuwa Sirari, mpakani. Shemeji yangu wa ng'ambo kanipigia, anauliza, 'Hii ni ndovu ama ni tomato?'"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Tembo gani?" aliuliza fundi.

"Huyu wako wa nyanya. Mko kwenye simu, mzee. Mmevuma."

"Hiyo ni rangi ya chini," alisema fundi. "Ya juu bado."

"Sawa mzee. Na ya chini mimi pia naipenda. Inanikumbusha mchuzi."

Alieleza tena. Aliwaeleza bodaboda, akamweleza mama wa maandazi, akamweleza mtu aliyekuwa anapita tu kwenda hospitali. Ni kazi ngumu kueleza rangi ya chini kwa watu ambao tayari wameshacheka. Kila mmoja aliitikia kwa kichwa, kisha akatoa simu kuangalia tena.

Saa sita ilipogonga Melkiori akaja. Hakuzima pikipiki. Jua lilikuwa utosini, na vumbi jeupe la barabara lilikuwa linarudisha mwanga machoni.

"Mzee wangu, picha imefika kwa wakubwa. Wananiuliza nimempa nani kazi."

"Ni rangi ya chini, Bwana Melkiori. Kesho jioni utaona kijivu."

"Mimi nakuamini. Ila watu wanasema..." Melkiori alitazama bodaboda, akashusha sauti, lakini si sana. "Samahani mzee wangu, usinielewe vibaya. Shati langu hili ni la rangi gani?"

Bodaboda waligeuka wote kumtazama fundi. Wangwe mwenyewe aliacha kutafuna.

Fundi alitazama mahali sauti ilipotoka. Pale palikuwa na weupe, na ndani ya weupe palikuwa na kitu kilichosimama kama mtu. Miaka arobaini alikuwa akiziita rangi kwa majina yake yote, na sasa alisimama mbele ya shati moja kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya ubao.

"Bluu," alisema.

Lilikuwa la kijani, kijani cha majani ya mgomba, kijani ambacho hata mbuzi angekitambua. Mtu mmoja alicheka, kisha akajuta, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka.

"Sawa," alisema Melkiori taratibu. "Sawa mzee wangu. Tembo awe wa kijivu kesho saa kumi na mbili jioni, kamati itapita. Isipokuwa hivyo, kuna bango la kuchapwa, nitaliagiza."

Aliondoka bila kumtazama usoni. Alikuwa na mama yake mzazi Rombo, mwenye macho kama hayo hayo, lakini hilo hakulisema kwa mtu.

*

Jioni Kuruthumu alimtengea mumewe ugali na dagaa. Fundi alitafuta bakuli la mboga kwa vidole, akalikosa, akalipata.

"Kesho nakuja na mwavuli," alisema Kuruthumu.

"Wa nini? Huu ni mwezi wa sita, hakuna mvua."

"Wa jua."

Fundi aliacha kutafuna. "Nani kakuambia?"

"Tangu mfungo wa Ramadhani uji unaumwaga pembeni ya bakuli, mimi nafuta. Kanzu umeigeuza nje ndani mara tatu. Ijumaa ile ulimsalimia mbuzi wa Mama Rhoda."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Walikuwa wameishi chumba kimoja miezi minne, kila mmoja akilinda siri ileile dhidi ya mwenzake, na hapo ndipo kila mmoja alipoona jinsi alivyokuwa peke yake. Ummy alikuwa anaosha sufuria nje. Aliisugua mpaka ikakaribia kutoboka.

*

Jumatano walikwenda wote. Kuruthumu alifunga duka. Asubuhi ukuta ulipokuwa kivulini fundi alipaka mgongo na kichwa mwenyewe, kwa kasi, kama zamani. Saa saba jua lilipovuka ukingo, mkewe alipanda kwenye meza waliyoiazima kwa mama wa maandazi, akafungua mwavuli, akaushika juu ya kichwa cha mumewe.

"Naona kidogo," alisema fundi. "Kijivu hiki kikoje? Jivu la mkaa au jivu la kuni?"

"La mkaa. Kiko cheusi."

Alitia nyeupe, akakoroga. "Sasa?"

"Kuni. Hapo hapo, usiongeze."

Bodaboda walitazama. Walikuwa na ya kusema, ungewaona midomo ilivyowawasha, lakini mwanamke wa miaka sitini aliyesimama juu ya meza ya maandazi na mwavuli kwenye jua kali si kitu rahisi kukitania.

"Chini ya kiganja chako umeacha wekundu."

"Hapa?"

"Juu. Hapo. Umeupata."

Ummy alishika ngazi kutoka saa saba mpaka saa kumi na moja bila kuambiwa na bila kuomba soda, jambo lililomfanya bibi yake amguse paji la uso kuona kama ana homa.

Saa kumi na moja na nusu brashi ilitua. Fundi alishuka, akarudi nyuma mpaka katikati ya barabara. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa mapaa, mwanga umelainika, na chandarua machoni pake kilikuwa kimeinuka. Kwa mara ya kwanza alimwona tembo mzima.

Mwanzoni alikuwa wa kijivu tu. Kisha mwanga ukazidi kuwa wa dhahabu, na polepole, kuanzia mbavuni, kitu cha joto kikaanza kupita chini ya ngozi yake. Masikio yakapata mishipa. Bega likawa zito. Bodaboda mmoja alizima muziki. Wangwe alitoa simu ili apige picha, betri ikawa imekwisha.

Kezia, mama kutoka kijiji cha Machochwe aliyekuja mjini kuuza viazi, alitua ndoo chini akaweka mikono kiunoni.

"Huyu namjua," alisema kwa hasira. "Ndiye aliyekula mahindi yangu."

Fundi alicheka hadi akashika magoti. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kusifiwa vizuri kuliko hivyo.

Saa kumi na mbili gari dogo la mizigo lilisimama. Nyuma kulikuwa na vijana wawili, ngazi ya chuma, na kitu kilichokunjwa kama mkeka mkubwa. Melkiori alishuka mbele. Alimtazama tembo kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa kwa mtu mwenye haraka.

"Mzee wangu, kwa kweli amependeza."

"Nilikuambia kesho jioni. Ndiyo leo."

"Ni kweli. Ila wakubwa hawakutaka kusubiri. Bango liliagizwa jana ileile, limeshalipiwa." Alikuwa anaongea na viatu vyake. "Mgeni akipita na watu wameshaona ile picha, itakuwa aibu kwa wilaya. Gharama ya rangi tutakulipa. Ya ufundi, kamati imesema kazi haikutumika."

"Haikutumika vipi? Si huyo hapo?"

"Mzee wangu, mimi ni mtumwa tu wa maagizo."

"Basi msubiri akauke!" Kuruthumu alisema. "Rangi mbichi hiyo!"

"Wataweka polepole, mama."

Waliweka polepole. Bango lilikuwa na tembo wa kuchapwa, aliyepigwa picha nchi nyingine, mwenye masikio makubwa kuliko ya huku. Walilivuta mpaka likakaza, wakalifunga kwa waya pembe zote nne, na upepo wa jioni ukalilaza vizuri juu ya rangi mbichi.

Alhamisi mgeni alipita. Magari yalikuwa tisa, vioo vyote vimefungwa. Ijumaa vijana walewale walirudi kulifungua bango, kwa kuwa lilikuwa linahitajika mahali pengine. Lilikuwa limeganda. Walivuta kwa pamoja, mmoja akihesabu, na tembo akatoka ukutani kama ngozi inayochunwa. Vilibaki mkia, mguu mmoja wa nyuma, na madoa mekundu.

Fundi aliambiwa na Wangwe. Wangwe alikuja mpaka nyumbani, akavua kofia ya pikipiki, akasema yote akiwa amesimama, na alipopewa chai hakuinywa.

*

Jumamosi saa nne asubuhi fundi alikuwa ameketi uani kwenye mkeka. Safari ya Musoma haikutajwa tena na mtu yeyote. Ummy alikuwa pembeni anapepeta mchele.

"Ile picha bado ipo kwenye simu yako?" alimuuliza mkewe.

"Ya nini sasa? Achana nayo."

"Ndiyo iliyobaki."

Kuruthumu aliitafuta. Ilikuwa imerudi kwake kupitia kundi la kina mama wa vitenge. Fundi alivua kofia, akaifunika simu ili ipate giza, akaingiza uso ndani mpaka pua ikagusa kioo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

"Hiki cheusi hapa juu ni kivuli cha ukingo?" aliuliza kutoka ndani ya kofia.

"Ndiyo."

"Kimefika wapi? Kwenye vichwa vya herufi au kwenye miguu?"

"Kwenye miguu."

"Saa nane na robo," alisema fundi. Ukuta ule aliujua kama wengine wanavyojua saa ya mkononi. Saa saba kivuli kinashuka mpaka mgongoni mwa tembo, saa tisa kinakuwa kimepanda katikati ya herufi. "Na chini ya ngazi kuna kitu chekundu."

"Chupa ya chai," alisema Kuruthumu.

"Bodaboda walikuwa ng'ambo, wamelala. Picha hii haikupigwa kutoka ng'ambo. Imepigwa kutoka upande huu, hatua chache tu kutoka pale chupa ilipotuliwa." Alitoa uso kwenye kofia. "Jumatatu uliiacha simu nyumbani, mke wangu. Nani alikuwa nayo?"

Msimulizi anayejua yote angependa kuwafahamisha wasomaji kwamba Ummy alikwisharudi nyumbani, kama ilivyoelezwa hapo juu, moja kwa moja, kama mtoto mwema. Angependa pia kuwakumbusha kuhusu sura yake ya kuridhisha. Lakini ungo ulinitoka mikononi, na mchele ukamwagika uani kote, na kuku wakaja.

Ni mimi. Ummy ni mimi. Nilipiga mimi, niliandika mimi, niliifuta kwenye simu ya bibi kabla hajarudi kutoka dukani. Aliyowaza babu kule juu sikuyajua. Nimeyabuni kutokana na yale niliyoyajua baadaye, nikiwa nimechelewa. Habari ya mama yake Melkiori alinisimulia Wangwe, na sina uhakika nayo.

"Ni mimi, babu," nilisema. "Niliwatumia watu wanne tu. Sikujua kama ni kweli."

Bibi aliinuka. Nilingoja kofi, na ningelipokea kwa shukrani. Hakunipiga. Aliingia ndani akafunga mlango.

Babu alivaa kofia yake. Alielekeza uso mahali nilipokuwa, akakosea kidogo, akawa anaongea na ndoo.

"Ulikaa pale muda gani?"

"Kama dakika tano. Nilikuwa nafikiria cha kuandika."

"Dakika tano." Kuku walikuwa wanakula mchele kati yetu na hakuna aliyewafukuza. "Nilikuwa nimepotea pale kwenye sikio. Mstari ulikatika, sikujua linaishia wapi. Nilitaka kuita mtu aniambie kulia au kushoto. Nikaona aibu kupiga kelele, na nilijua hapakuwa na mtu karibu."

Nilikuwa hatua tano kutoka miguuni pake. Nilimwona akipapasa. Niliona na mahali sikio lilipoishia.